Saa Mbili Nje ya Nyumba: Mwongozo wa Kuanzisha Kikundi cha Walezi wa Wagonjwa wa Kiharusi Kisumu

Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa 2. Ukichelewa mara kwa mara, ngozi ya makalio, nyonga na visigino hukosa damu mahali inapobanwa na godoro, na kidonda huanza kutoka ndani kabla hujaona chochote juu. Hesabu hiyo ya saa 2 ndiyo inayoendesha maisha ya mlezi, mchana na usiku, na ndiyo inayofaa kuendesha kikundi chake pia.

Vikundi vingi vya walezi huvunjika kwa sababu vimeigwa kutoka kwenye chama cha kuchangishana pesa. Mkutano unachukua asubuhi nzima, kuna mchango wa lazima, kuna faini ya kuchelewa. Mtu anayemlea mumewe aliyepooza hana asubuhi nzima, na pesa yake ya mwisho imeishia kwa daipa. Anakosa mara ya kwanza, anaona haya mara ya pili, mara ya tatu haji kabisa. Hivyo wanaoondoka mapema ndio waliokihitaji zaidi kikundi, na wanaobaki ni wale ambao mambo yao yana nafuu. Mwongozo huu umepangwa kuzuia hilo. Umeandikwa kwa mitaa ya Kisumu kama Manyatta, Nyalenda, Obunga na Bandani, lakini mtu wa Kakamega, Busia au Nakuru anaweza kuutumia kwa kubadilisha siku na majina ya mahali.

Hatua ya 1: Amua ni kikundi cha nani

"Wagonjwa na walezi wote wa mtaa" ni kikundi kisicho na mwenyewe. Mlezi wa mtu aliyepooza, mama wa mtoto mwenye sikoseli na kijana anayejaribu kuacha chang'aa wote wanahitaji kusikilizwa, lakini maswali yao hayafanani, na atakayesubiri dakika 40 ndipo asikie jambo linalomhusu hatarudi. Chagua moja. Hapa tumechagua walezi wa watu waliopata kiharusi, yaani ile watu wengi huita stroki. Wagonjwa wenyewe wakipata nafuu ya kutembea na kusema, waanzishiwe chao: mlezi hawezi kusema amechoka mbele ya anayemlea.

Anza na watu 6. Usitangaze kanisani wala kubandika karatasi ukutani. Nenda kwa mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako, yule anayetembelea nyumba na mkoba wake. Anajua ni nyumba gani ina mtu kitandani. Usimwombe majina, kwa sababu ugonjwa wa mtu ni siri yake na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mpe namba yako ya simu awapelekee walezi, na atakayetaka akupigie mwenyewe. Pahali pengine pa kupata watu ni kwenye benchi la kliniki ya mazoezi ya viungo. Wanaokaa hapo wakishikilia mgongo wa mtu ndio unaowatafuta.

Wakizidi 12, gawanyeni kikundi mara mbili. Sababu ya idadi hiyo utaiona kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Siku, saa na mahali

Jumamosi katika sehemu hii ya nchi ni siku ya mazishi, na kwa Waadventista ni Sabato. Jumapili ni ibada. Ijumaa watu wako njiani kuelekea matangani. Zinabaki Jumatatu hadi Alhamisi. Uliza kila mmoja siku yake ya kliniki ya presha na ya mazoezi, uzifute hizo, uchague moja iliyobaki. Kutana kila wiki mbili. Mara moja kwa mwezi ni kidogo: ukikosa mara moja umekaa miezi miwili peke yako.

Chagua asubuhi. Mchana joto la Kisumu humchosha mgonjwa, na alasiri mvua ya ziwani hushuka ghafla na kukufungia ulipo, hasa Machi hadi Mei.

Sasa piga hesabu ya saa 2. Mgonjwa ameshaoshwa na kula, amekaa wima nusu saa baada ya chakula. Saa 3.40 unamgeuza na kumweka mito. Unatembea dakika 20. Mkutano unaanza saa 4.00 kamili na kwisha saa 5.10. Saa 5.30 uko nyumbani, na zimebaki dakika 10 za dharura. Kwa hiyo mkutano ni dakika 70, na mahali pasiwe mbali zaidi ya dakika 20 kwa miguu kwa mtu yeyote. Mkianza kukutana mahali panapohitaji tuktuk kwenda na kurudi, mtakuwa mmeshaweka kiingilio bila kujua.

Mahali pazuri ni chumba cha kituo cha afya, darasa la chekechea wakati watoto hawapo, au ukumbi mdogo wa kanisa, mradi mwenye kanisa akubali kuwa si kila mwanachama ni muumini wake. Epuka kukutana nyumbani kwa mwanachama. Mwenye nyumba hujiona lazima apike, majirani huhesabu walioingia, na siku mkikosana kikundi kinakosa pa kukaa. Viti viwe duara. Karibu na mlango pawe na kiti kimoja kitupu kwa atakayechelewa, aingie bila kuvuka katikati ya watu.

Hatua ya 3: Nani anakaa na mgonjwa?

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndiyo hatua inayorukwa na wengi. Mwalike mlezi unavyotaka. Kama hana wa kumwachia mgonjwa, mwaliko wako ni mzigo mwingine.

Kabla ya mkutano wa kwanza mtembelee kila mmoja na kumuuliza mambo matatu: nani anaweza kukaa na mgonjwa saa 2, mgonjwa anameza vizuri au anapaliwa, na akianguka anayekaa naye atampigia nani. Anayekaa si lazima awe muuguzi. Jirani, shemeji, au kijana wa miaka 17 aliye likizo anatosha, mradi aambiwe mambo mawili tu: asimpe mgonjwa chakula wala maji mlezi akiwa hayupo, na asimwinue peke yake. Kumlisha kunaweza kumpalia, na kumwinua kunaweza kuwaangusha wote wawili.

Kwa asiye na mtu kabisa, wekeni zamu. Wanachama wawili wanaoishi karibu hubadilishana: leo wewe unahudhuria mimi nakaa na mzee wako, wiki mbili zijazo tunabadilishana. Kila mmoja atahudhuria nusu ya mikutano, na nusu hiyo ni bora kuliko kutohudhuria kabisa. Andika zamu hizo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la kikundi. Msiziache kwa mdomo; zamu ya mdomo ndiyo inayoleta lawama.

Hatua ya 4: Dakika 70 zenyewe

Gawanya muda hivi: dakika 5 za salamu na kusoma kanuni, 36 za mzunguko, 15 za somo, 10 za mahitaji, 4 za kufunga. Mzunguko ni zamu ya kila mtu kusema, dakika 3 kwa kila mmoja, na watu 12 mara 3 ni 36. Ndiyo sababu ya kugawanya kikundi mapema: watu 20 wangehitaji saa nzima, na wa mwisho angepewa nusu dakika.

Anayeongoza anaweka simu ilie baada ya dakika 3. Simu ikilia, anayesema anamaliza sentensi yake. Wengine huona jambo hili ni ukatili hadi waone linavyomlinda mnyonge: bila saa, wasemaji ni wale wale watatu kila mkutano. Asiyetaka kusema husema "napita", na hakuna wa kumuuliza kwa nini.

Swali la kuanzisha mzunguko lina uzito kuliko mnavyodhani. Ukiuliza "Habari za nyumbani?" utajibiwa "Tunamshukuru Mungu", kwa sababu ndivyo tulivyolelewa kujibu. Uliza jambo lenye saa na mahali ndani yake: "Wiki hizi mbili, ni saa gani ya siku imekuwa ngumu kwako?" Mtu atafikiri kidogo, kisha aseme "saa 9 usiku, anapoanza kuniita kwa jina la dada yake aliyefariki." Hapo mkutano umeanza. Maswali mengine ya aina hiyo: ni kazi gani ya wiki hii uliifanya ukiwa umekasirika? Mara ya mwisho ulilala saa 5 mfululizo ilikuwa lini? Nani wa nyumbani aliyeahidi kusaidia akapotea?

Mwenzenu akisema, msimkatize kwa shauri. "Mimi ningekuwa wewe" ni maneno ya kupiga marufuku kwenye duara, pamoja na "wengine wana shida kuliko yako" na "omba tu". Sala ni njema na vikundi vingi huku hufungua kwa sala, lakini ikitumiwa kumnyamazisha mtu anayelia inamwambia imani yake ni haba. Akimaliza, anayeongoza amuulize: "Unataka tukusikilize tu, au unataka mawazo?" Afuate jibu lake.

Mtu akilia, msikimbilie kumpapasa wala kumpa maji wote kwa pamoja. Aliye kando yake amsogezee kitambaa, wengine wangoje. Saa inasimamishwa. Machozi mengi hupita kwa dakika moja au mbili yakiachwa yapite. Halafu jambo dogo la lugha: mkutano uendeshwe kwa Kiswahili ikiwa mmechanganyika Waluo, Waluhya, Wakisii na wengine, lakini mwacheni mtu aseme uchungu wake kwa lugha ya mama. Mtamwelewa.

Kanuni, na ziwe chache

Ya hapa yanabaki hapa. Hakuna kuuza chochote kwenye duara. Hakuna kumwambia mtu aache dawa ya hospitali. Dakika 3 ni dakika 3. Zisomeni kwa sauti kila mkutano, hata wote wakiwa wanazijua, ili mgeni asijione zimetungwa kwa ajili yake.

Kanuni ya kutouza inahitaji msimamo. Kikundi cha watu walio na mgonjwa asiyepona haraka kinavutia wauzaji wa virutubisho vya chupa, mafuta ya "kufungua mishipa" na maji ya maombi. Atakuja kama mlezi, mkutano wa pili atafungua mkoba. Anayeongoza amchukue kando amwambie achague: kikundi au biashara. Mkimwacha mara moja tu, mwanachama atauza kuku wake kununua chupa hiyo, kisha ataona haya kurudi.

Siri nayo ina mpaka, na mpaka huo usemwe mapema: mtu akionyesha kwamba maisha yake au ya mgonjwa yako hatarini, hilo halibaki kwenye duara. Mlezi akisema maneno kama "ningelala nisiamke", muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandii wazo hilo. Humpa ruhusa ya kusema. Akisema ndiyo, watu wawili wakae naye, dawa za kuua wadudu na vidonge viondolewe nyumbani, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hapa mjini idara ya dharura ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji wanaiita Russia, hupokea watu usiku na mchana. Wengine huogopa polisi, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kifungu hicho kinapingana na Katiba. Na mkisikia mgonjwa anapigwa au anafungiwa, msianze kwa kumhukumu mlezi. Mpunguzieni mzigo kwanza, mtu akae na mgonjwa usiku huo, kisha mwiteni mhudumu wa afya ya jamii.

Hatua ya 5: Somo la dakika 15

Somo moja kwa mkutano, la mikono kuliko la mdomo. Leteni mkeka, mito miwili na leso mbili, mmoja wenu alale chini awe mgonjwa.

La kwanza liwe kugeuza, kwa kuwa wengi hugeuza kwa kuvuta mkono uliopooza, na bega lililokosa nguvu huteguka kwa urahisi na kuleta maumivu ya miezi. Simama upande ambao mgonjwa ataelekea. Mkono wake wa mbali uweke juu ya kifua, ukiushika kwa kuegemeza kiwiko. Kunja goti lake la mbali. Weka kiganja chako kimoja nyuma ya bega, kwenye ubapa wa mfupa, na kingine kwenye nyonga, umvingirishe kuja kwako kwa mwendo mmoja. Usimlaze ubavu kabisa: mto nyuma ya mgongo umwache ameegemea nyuma kidogo, kama digrii 30, ili uzito usitue wote kwenye mfupa wa nyonga. Mto mwingine uwe kati ya magoti. Chini ya mashavu ya miguu weka leso iliyokunjwa mpaka visigino vielee hewani. Pitisha karatasi chini ya kisigino, na ikipita bila kukwama umefaulu. Kumsogeza juu kitandani kunahitaji watu wawili na shuka lililokunjwa chini ya mgongo wake. Kumburuta huchubua ngozi.

Kila ukimgeuza, tazama mgongo wa chini, nyonga, visigino, mabega na kisogo. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tumia mgongo wa mkono: tafuta mahali palipo na joto au baridi kuliko jirani yake, pagumu au palipolegea kama ndizi iliyoiva sana, au rangi iliyozidi weusi na kuelekea zambarau. Ukipata, mgonjwa asilale tena upande huo hadi paishe. Usipasugue, kwa kuwa kusugua huvunja mishipa midogo iliyokwisha umia. Ile glavu iliyojazwa maji ikawekwa chini ya kisigino haisaidii, na duara la mpira la kukalia hubana damu pembeni mwake. Kidonda chenye harufu, weusi katikati, au kinachokuja na homa ni cha hospitali.

Somo la pili ni kulisha. Mgonjwa akae wima kabisa, kidevu kimeelekea chini kidogo, kijiko cha chai na si cha supu, na asubiriwe ameze kabla ya kijiko kingine. Uji mzito kiasi humezwa kwa usalama kuliko maji matupu au chai, ambayo hukimbia kooni kabla hajajiandaa. Akikohoa akila, sauti ikiwa na majimaji baada ya kumeza, au akiweka chakula shavuni upande uliolegea, simamisha na mwone mtaalamu kabla ya kuendelea. Mgonjwa wa kiharusi anayepata homa na kifua kizito siku chache baada ya kupaliwa huenda chakula kimeingia mapafuni, na hilo si la kungojea kesho.

Masomo mengine yapangwe kwa zamu: kutoacha dawa za presha hata kipimo kikirudi sawa, kwa sababu kimerudi kwa ajili ya dawa; mpira wa mkojo, ambao mfuko wake ukae chini ya kibofu daima; dalili za kiharusi kipya, yaani uso kupinda, mkono kukosa nguvu na maneno kukorogeka, na kwamba ukiziona unaandika saa na kumpeleka hospitali mara moja; na huzuni ya mgonjwa, ambayo huwapata karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi na mara nyingi huitwa ukaidi.

Kuna jambo moja litakalojitokeza tu mkiaminiana. Kwa Waluo na Waluhya wengi, mkamwana kumwosha babamkwe akiwa uchi ni mwiko mzito, na bado watoto wa kiume wakiwa Nairobi kazi hiyo huangukia mkamwana. Matokeo yake mzee anaoshwa haraka, gizani, sehemu za siri zinaachwa, na ngozi inaoza kwa mkojo. Msimkemee mkamwana. Tafuteni mjukuu wa kiume, ndugu wa mzee, au mwanachama mwanamume wa kikundi aje mara mbili kwa wiki kwa kuosha kamili. Siku nyingine mkamwana aoshe uso, mikono na miguu, na kubadilisha daipa chini ya leso. Kikundi kisicho na mwanamume hata mmoja kimtafute.

Mgeni wa kitaalamu, muuguzi au daktari wa mazoezi, aje mara moja kwa mwezi, baada ya mzunguko. Mpe dakika 15 zile zile na maswali matatu mliyoyaandika. Akija bila maswali atafundisha kila kitu, na hakuna litakaloshikwa.

Hatua ya 6: Chai na pesa

Chai ya watu 12: maziwa lita 2, maji lita 2, majani vijiko 4 vya chakula. Sukari iwekwe kando, kila mtu ajitilie, kwa sababu kati ya walezi 12 wa makamo hamkosi mwenye kisukari. Viazi vitamu au nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, vinatosha; mkianza kushindana kwa chapati na kuku, mwenye zamu asiye na kitu atadai ameugua.

Pesa ya chai ikusanywe kwa mfuko wa kitambaa usioonyesha ndani. Unapita kwenye duara, na kila mmoja anatia mkono, mwenye kitu na asiye nacho. Hakuna orodha, hakuna kuhesabu mbele ya watu. Mwekahazina na shahidi mmoja huhesabu baadaye na kuandika jumla tu.

Mkitaka kuweka akiba au mzunguko wa pesa, fanyeni siku nyingine, kwa daftari lingine, kwa wanaotaka. Mpaka usiovukwa ni huu: deni la akiba lisimzuie mtu kukaa kwenye duara.

Matanga yanahitaji uamuzi kabla ya msiba wa kwanza. Piga hesabu: wanachama 12, kila mmoja ana mgonjwa mzito, mkifiwa mara 3 kwa miezi 3 na mchango ni shilingi 500, mlezi anayefua nguo za watu kwa siku ametoa 1,500. Vikundi vingi vimegeuka kamati za mazishi hivyo hivyo. Amueni kuwa kikundi hutoa kazi badala ya pesa: watu wawili wa kukaa usiku na mfiwa, wawili wa kuteka maji na kupika. Anayetaka kuchanga achange kwa simu yake binafsi.

Hatua ya 7: Haki ambazo mlezi akiwa peke yake huzikosa

Dakika 10 za mahitaji ni za karatasi. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na usajili unafanyika kwa simu kupitia *147#. Hakikisheni mgonjwa na mlezi wote wamesajiliwa. Mara nyingi mzee yuko na mlezi hayuko. Mgonjwa ambaye kiharusi kimemwachia ulemavu wa kudumu anaweza kupimwa hospitalini na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mpango wa serikali wa Inua Jamii hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi, na haulengi wazee wa miaka 70 na zaidi peke yao: wenye ulemavu mkali wanaohitaji kuangaliwa muda wote nao wamo, na hulipwa kupitia mlezi. Uandikishaji hufunguliwa kwa vipindi, hivyo jina lipelekwe kwa msaidizi wa chifu na kwa afisa wa ustawi wa jamii mapema, nakala za vitambulisho zikiwa tayari.

Nendeni wawili wawili kwenye ofisi hizo. Mtu mmoja huambiwa arudi kesho; wawili huulizwa wanataka nini.

Kusajili kikundi chenyewe si kwa haraka. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, katiba na kumbukumbu za mkutano mlioamua kujisajili. Fanyeni hivyo mkihitaji akaunti ya benki au kuomba msaada, baada ya kama miezi 6. Mkisajili mwezi wa kwanza mtachagua mwenyekiti kabla hamjajua nani anasikiliza.

Kuongoza duara si uenyekiti. Wawe wawili, wabadilishwe kila miezi 3, na mmoja wa zamani abaki na mmoja mpya. Daftari liwe na tarehe, idadi ya waliohudhuria, somo, na zamu. Yaliyosemwa kwenye mzunguko yasiandikwe popote. Na kundi la WhatsApp liwe la tarehe, mabadiliko na maombi ya haraka tu. Picha ya mgonjwa au ya kidonda chake isitumwe huko, hata kwa nia ya kuuliza; mtumie muuguzi moja kwa moja.

Mgonjwa akifariki

Mlezi hupoteza mambo mawili kwa siku moja: mtu wake, na kikundi alichokuwa na sababu ya kukijia. Watu hudhani ataondoka, naye hudhani hatakiwi. Mwambieni kabla ya mazishi kuwa kiti chake kipo kwa miezi 6. Mkutano wa kwanza akirudi, mzunguko uanze kwa mwingine, afikiwe katikati. Wengi huamka saa za kugeuza, saa 8 na saa 10 usiku, kwa wiki kadhaa, na hufarijika kusikia kuwa si wao peke yao. Baada ya miezi hiyo aulizwe anataka nini. Baadhi huwa ndio wakaaji bora wa zamu, kwa kuwa mikono yao inajua kazi.

Vifaa vyake, kiti cha magurudumu, bakuli la choo, fimbo ya kutembelea, godoro la plastiki, asiombwe kabla hajasema mwenyewe. Akivitoa, vioshwe kwa sabuni, kisha vipanguswe kwa Jik, dawa ya klorini ya kufulia, iliyochanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 6, vikae dakika 10, visuuzwe na kuanikwa juani. Sehemu za chuma zikaushwe haraka zisishike kutu. Andika kwenye daftari kifaa, hali yake, aliyekichukua na tarehe ya kukiangalia tena, kila baada ya miezi 3, kwa sababu breki ya kiti cha magurudumu hulegea kimyakimya na hugunduliwa mtu akiwa ameshateremka ukingoni.